Sita Waliingia, Saba Walitoka

Jumanne ile, saa kumi na moja na nusu jioni, karani wa lango la korongo alikuwa amemaliza kupanga kalamu zake tatu kando ya kitabu, nyeusi juu, buluu katikati, nyekundu chini, aliposikia buti zikikwaruza ngazi za mawe. Wageni walikuwa wanapanda. Walikuwa sita. Aliwaandika mwenyewe Jumapili asubuhi, nao wakalala siku mbili kwenye mahema, juu ya mchanga wa kona ya tatu ya mto. Waliingia kibandani mmoja mmoja, pua zimebabuka kwa jua, migongo imeinama kwa uzito wa shanta, wakatia sahihi kwenye safu ya kutoka. Mmoja aliomba maji. Mwingine aliuliza kama choo kiko wazi. Nyuma yao akaingia mtu wa saba, amelowa chapachapa, sufuria kubwa kichwani, upawa umechomekwa kiunoni. Alisimama juu ya gunia ambalo karani humtandikia ili asilowanishe sakafu.

"Shemeji, za tangu jana?"

"Salama, shemeji. Za huko chini?"

"Huko chini ni maji tu. Umeniandika?"

"Bado."

"Haya. Kesho basi."

Akavua shati lililolowa, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni, akavaa kavu lililokuwa pale, akatoka. Shati kavu lilianza kulowa kabla hajafunga vifungo. Shemeji huyo alikuwa mdogo wake mkewe karani, tumbo moja, na alikuwa amekufa tangu mvua za mwaka jana.

Kitabu cha lango kilikuwa na safu tano: namba, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, maoni. Ukutani palibandikwa sheria moja tu, kwa herufi kubwa: ALIYEANDIKWA ASIPOTOKA KABLA YA SAA KUMI NA MBILI JIONI YA SIKU YAKE, ATATAFUTWA. Ilikuwa sheria nzuri na ilifuatwa. Kuna mama mmoja aliwahi kujisahau akipiga picha ndege. Askari kumi na wawili wakateremka na kamba, wakamkuta ameketi juu ya jiwe anakula tufaha. Alikasirika kidogo kwamba wamemfukuzia ndege.

Kitabu kiliandika wageni tu. Wapagazi, wapishi na waonyesha njia hawakuandikwa. Walipita langoni hapo hapo, kando ya dirisha, mahema na magunia vichwani, wakimtania karani kwamba amenenepa kwa kukaa. Haikuwa siri wala hila. Ilikuwa hivyo tangu kitabu cha kwanza, na karani aliikuta hivyo.

Naye alikipenda kitabu chake. Kwa miaka kumi na moja hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja: hapana jina lililofutwa, hapana saa iliyorekebishwa, mistari yote kwa rula. Mkuu wa hifadhi akipata ugeni wa heshima hukifungua mbele yao na kuwaonyesha kurasa, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Siku hizo karani hurudi nyumbani anapiga mluzi, na mkewe humwambia, "Leo kitabu kimesifiwa, naona. Njoo basi kikupakulie chakula."

Shemeji alikuwa mpishi wa kambi. Karani ndiye aliyemtafutia kazi ile. Wapagazi walimwita Ukoko, kwa sababu wageni walipokula wali, yeye aliwabakishia wao ukoko, tena aliuacha uwe mnene makusudi, akiwaambia wageni kwamba moto wa kuni hauna adabu.

Siku ya maji, langoni kulikuwa na jua kali. Mvua ilinyesha mbali, milimani, mahali ambapo hakuna mtu wa korongoni anayepaona. Saa kumi alasiri wageni walipanda ngazi mbio, na wapagazi nyuma yao, mikono mitupu, wakisema mto umekuja wote kwa mara moja. Karani aliwapa wageni kalamu. Sita waliingia, sita wametoka. Safu ilijaa. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyojaa matone, hakuondoka dirishani.

"Na mpishi?" aliuliza. "Alirudi kuchukua sufuria."

Karani alikuwa anapiga mstari wa kufungia chini ya sahihi ya mwisho, na hakutaka rula iteleze. Akasema, "Huyo ni mwenyeji. Njia anaijua."

Kisha akafunga kitabu. Ndiyo maneno aliyosema, na hata leo anaweza kukuambia aliyasema akiwa ameshika kalamu ipi.

Sufuria ilikuwa mali ya hifadhi. Ilikuwa na namba ya chapa ubavuni na imeandikwa katika daftari la vyombo, kwa hiyo ilitafutwa. Askari waliipata siku ya tatu, imebanwa katikati ya mawe mawili, mfuniko bado umefungwa kwa kamba. Mpishi hakutafutwa, kwa kuwa hakuwa ameingia. Mkewe karani alipeleka barua ofisini, akajibiwa kwa heshima zote kwamba ofisi inasikitika, ila haina kumbukumbu ya mtu wa jina hilo kuwa ndani ya korongo tarehe hiyo. Barua ilipigwa mhuri. Karani alishuka peke yake siku zake za mapumziko, mara nne, akapekua kila uwazi wa jabali alioweza kuufikia bila kamba. Alipata kijiko.

Mvua ziliisha, korongo likafunguliwa tena. Kundi la kwanza lilikuwa la watu wanne. Jioni wakatoka watano. Karani alimtazama wa tano, akatazama saa.

"Umechelewa," alisema.

"Njia imeharibika," shemeji alijibu.

Tangu hapo ikawa kila jioni. Wageni waliandika kwenye safu ya maoni kwamba mandhari ni ya kupendeza, mawe yanateleza, na chai ya kona ya tatu ni tamu ajabu. Mmoja aliandika, "Mpishi ni mcheshi sana, ila apewe taulo." Mtunza stoo alilalamika kwamba kila asubuhi sufuria kubwa haipo na mlango umefungwa, na kila jioni ipo tena, imeoshwa. Akaambiwa aandike imetoka, aandike imerudi, na akafanya hivyo. Ofisi ya mkuu ilituma waraka kuhusu hesabu ya lango. Watu wanaotoka wakizidi walioingia, karani asikwaruze kitabu. Achukue kipande cha karatasi, aandike "ziada moja", akibane kwa pini. Mwezi uliofuata, juu ya ngazi kukasimikwa kibao kipya cha rangi ya kijani: KONA YA TATU, CHAI YA BURE.

Karani alimuuliza shemeji mara moja, kwa upole, mwili wake uko wapi.

"Nikiwa chini napajua kabisa, shemeji. Nakuambia kweli, napajua kama kitanda changu. Nikifika ngazi ya mwisho nasahau." Akacheka kidogo. "Si unajua mtu anavyoingia chumbani akasahau alichofuata?"

Karani na mkewe waliishi katika nyumba ya hifadhi, vyumba viwili na bati, hatua mia mbili kutoka langoni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kamba ya nguo. Mashati ya shemeji yalitundikwa hapo na hayakukauka. Jua liliwaka wiki nzima, nguo za jirani zikakakamaa, mashati yale yakaendelea kudondosha maji, na chini yake nyasi ziliota ndefu hata mbuzi wa mtunza stoo akazoea kuja kushinda hapo. Mkewe karani aliyakamua asubuhi na jioni. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alikamua.

"Amesema nini leo?" alimuuliza mumewe Jumanne ile, mikono yake imekunjamana kwa maji.

"Ameuliza kama nimemwandika."

"Na wewe?"

"Nimemwambia bado."

"Mwandike, baba watoto. Mwandike asubuhi, aingie kama watu. Jioni asipotoka, si sheria mmeibandika wenyewe ukutani? Watamtafuta."

"Lakini hutoka kila siku. Nikimwandika, si atatoka tu?"

"Hutoka kwa sababu hukumwingiza," alisema mkewe. "Mimi sitaki anitembelee. Nataka nimzike."

Karani alisema ataangalia. Alikuwa amesema ataangalia kwa miezi saba. Aliogopa kazi, aliogopa nyumba, na zaidi ya hayo aliona haya, kwa maana kumwandika leo ni kukiri kwamba mwaka jana angeweza kumwandika. Ilikuwa kalamu tu na mstari mmoja. Hilo ndilo lililomtafuna.

"Basi ujue mashati yake yamekwisha," mkewe alisema. "Kesho nampelekea lako."

Karani alikuwa na mashati mawili ya kazi. Jumatano likaenda la kwanza, Alhamisi likarudi linadondosha. Ijumaa likaenda la pili. Jumamosi asubuhi karani alivaa shati bichi, kwa kuwa mtu haendi kazini kifua wazi, akafungua dirisha la kibanda, akawakaribisha wageni sita waliokuja kutembea kutwa na kurudi. Alipoinama kuwaonyesha mahali pa kutia sahihi, maji yakatiririka kutoka kwenye mkono wa shati hadi juu ya ukurasa. Majina matatu yakageuka mawingu ya buluu. Karani alipangusa, akazidi kuharibu. Miaka kumi na moja ikaishia hapo.

Ingependeza kusema kwamba alichofanya baadaye alikifanya kwa ushujaa. Alikifanya kwa sababu ukurasa ulikuwa umeshaharibika. Wageni walipokwisha kuteremka, alishika kalamu ya buluu, na chini ya jina la sita akaandika la saba: jina la shemeji, la baba yake na la babu yake, saa ya kuingia saa mbili na robo asubuhi. Aliandika polepole. Alishangaa tu jinsi lilivyoenea vizuri kwenye mstari, kana kwamba mstari ulikuwa umepimwa kwa ajili yake.

Jioni wageni walipanda saa kumi na moja na dakika ishirini. Sita.

"Chai mmekunywa?" karani aliuliza.

"Chai ipi?" alijibu mmoja, na hakuwa na furaha. "Tumekaa hapo kona ya tatu nusu saa." Akaandika kwenye maoni, akikandamiza kalamu: "Kibao kinadanganya."

Mtunza stoo alipita akasema leo sufuria imekaa stoo kutwa, haijatikisika. Gunia la mlangoni lilikuwa kavu. Karani alilikanyaga kuhakikisha. Saa kumi na mbili ilipogonga, safu ya kutoka ilikuwa na nafasi moja tupu, na sheria ilikuwa ukutani. Akatoka nje, akashika mpini wa king'ora, akauzungusha.

Walikuja askari kumi na wawili, kamba mabegani, taa za kichwani zimewashwa ingawa kulikuwa bado na mwanga. Hakuna aliyeuliza maswali mengi. Mtu ameandikwa, mtu hajatoka. Mkewe karani alikuja mbio, shuka jeupe kifuani, lile lililokuwa limekunjwa ndani ya sanduku tangu mwaka jana. Alimtazama mumewe usoni, kisha akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya maji.

Mkuu wa hifadhi alifika wa mwisho, na kandambili, taulo begani. Alikuwa anaoga. Alikuwa mtu mpole, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Nani hajatoka?"

Karani alimgeuzia kitabu. Mkuu alitazama kwanza yale mawingu ya buluu, akaguna, kisha akasoma jina la saba, la kwake, la baba na la babu.

"Huyu ni mgeni?"

"Ni mpishi, mkuu."

"Wa kundi hili?"

"Wa kundi la mwaka jana."

Kiongozi wa askari alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. "Tunashuka, mkuu? Ameandikwa."

"Subirini kidogo." Mkuu alivuta kiti, akaketi. "Karani, leo tukimtafuta mpishi, kesho tutamtafuta mpagazi. Wanaingia wangapi kwa siku hawa?"

"Ishirini. Msimu ukichanganya, thelathini."

"Umeona sasa," alisema mkuu, bila ukali. "Hebu nipe rula."

Karani alimpa. Huo ndio ukweli, hakuna namna ya kuuzunguka: aliombwa rula akaitoa, na kalamu nyekundu akaitoa. Mkuu alipiga mstari juu ya jina, mstari mzuri, umenyooka, akatia sahihi yake ndogo kando.

"Basi. Hajaingia."

"Mkuu," karani alisema. Alikuwa na maneno mengine baada ya hilo. Alikuwa ameyaandaa miezi saba. Badala yake akapokea rula.

"Waende japo mpaka kona ya tatu," mkewe alisema. "Kamba si wanazo? Taa si zinawaka?"

"Pole sana, mama," mkuu alisema, na alimaanisha. "Angekuwa ameandikwa, wangekwenda."

Askari walianza kukunja kamba. Mmoja alizima taa yake, kisha wengine. Ndipo ikasikika kutoka chini sauti ya upawa ukigonga bati la sufuria, hatua kwa hatua, mpaka shemeji akatokea kwenye ngazi ya mwisho, amelowa chapachapa. Alipita katikati ya askari, wakampisha. Alisimama juu ya gunia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Leo wageni wamekosa chai."

"Nisamehe, mkuu. Leo nilikuwa mahali pangu." Akamgeukia karani. Hakuwa na hasira, na karani angetoa chochote ili awe nayo. "Shemeji, nimesikia king'ora. Nikasema, haya, leo wanakuja. Nikajinyoosha vizuri, nikatulia, wasije wakapata taabu ya kunitoa."

"Kisha?"

"Kisha nikajikuta kwenye ngazi." Akatua sufuria. "Mbona kilinyamaza?"

Mkuu aliangalia kandambili zake. Dada wa shemeji alikunjua lile shuka jeupe, akamfunika nalo mabegani kwa kuwa shati kavu halikuwapo, na likalowa lote papo hapo, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Lipo kwenye kamba ya nguo hadi leo. Mbuzi wa mtunza stoo amezaa mapacha chini yake.

Wiki iliyofuata kililetwa kitabu kipya. Kilikuwa na safu sita. Ya sita iliitwa ziada, na ndani yake, chini ya kila ukurasa, palikuwa pameshapigwa chapa ya namba moja ili karani asipate usumbufu wa pini. Shemeji alikiona jioni ile ile. Aliinama juu ya kaunta, maji yakimdondoka kidevuni, akaweka kidole kwenye ile namba.

"Hii moja ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Na jina?"

"Jina halina nafasi."

Shemeji alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kitanda kifupi na hataki kumwaibisha mwenyeji wake. "Si haba," alisema. Tangu siku hiyo hajauliza tena kama ameandikwa, na karani, ambaye kwa miezi alitamani asiulize, sasa kila jioni husubiri aulize.

Angeweza kumwandika tena kesho yake. Angeweza kumwandika kila asubuhi, akatwe kila jioni, na king'ora kilie kila siku hadi mtu achoke. Hakufanya hivyo. Ana watoto, nyumba ni ya hifadhi, kitabu sasa hukaguliwa kila Ijumaa. Kila sababu anayojipa ni ya kweli, na mkewe hazibishi. Anakamua tu.

Jana asubuhi lilikuja kundi la wageni wanane, la kulala siku tatu. Milimani, mbali, kulikuwa na wingu. Wapagazi walipita kando ya dirisha, ishirini na mmoja. Karani aliwahesabu kwa macho, siku hizi huwahesabu. Nyuma yao alipita mpishi mpya, mtu mzima, baba wa watu, sufuria ya aluminiamu kichwani, anamalizia kipande cha mkate.

"Ndugu," karani alimwita, na kalamu ilikuwa mkononi, na mstari wa tisa ulikuwa mtupu. "Njia unaijua?"

"Aa, mimi mwenyeji bwana," alisema mpishi. "Naijua."

Karani aliitazama sufuria ikiteremka, ngazi baada ya ngazi, hadi jabali likaifunika. Kisha akachukua rula, akapiga mstari wa kufungia chini ya jina la nane.